Plaisi ya Baba na Skrubu ya Nne

Redio ya Baba ina skrubu nne nyuma, na kila moja imejificha ndani ya shimo refu. Ukichungulia unaona giza tu. Nilizijua skrubu hizo kabla sijajua kusoma, kwa sababu Baba alipokuwa bado nyumbani, akiifungua redio, kazi yangu ilikuwa kushika kizibo cha soda alimoziweka ili zisipotee. Hatukuwa tunaongea. Yeye aliongea na redio, akiitukana pole pole, na mimi nilishika kizibo. Hizo ndizo saa zetu nzuri ninazozikumbuka.

Kisha akaenda Uarabuni kulinda ghala, na tukabaki na simu ya Jumapili.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule?"

"Iko sawa."

"Unasoma?"

"Nasoma."

"Haya, nipe kukhu yako."

Nami nampa kukhu, mama yake Baba, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye simu. Kila Jumapili nilitoka kanisani nikiwa na jambo la kumwambia, na kila Jumapili nilimpa kukhu simu kabla sijalisema. Mimi ni mtu wa haya. Si haya ya kujipendekeza. Ni ile ya kuulizwa jina lako darasani na kulisahau. Lakini kuona haya mbele ya baba yako mwenyewe ni aibu nyingine, nami sikumwambia mtu.

Wakati wa mvua redio ikafa. Kwa kukhu huo ulikuwa msiba. Kila asubuhi alisikilizanga matangazo ya vifo kwa lugha yetu, na bila redio alianza kukosa mazishi ya watu anaowajua. Majirani wakamuuliza mbona hakuonekana. Jumapili hiyo, Baba aliponiuliza shule iko vipi, neno likanitoka lenyewe: "Redio imekufa."

"Imekufaje? Inafanya shhh, ama kimya kabisa?"

"Kimya."

"Taa nyekundu inawaka?"

"Inawaka nikiigonga ubavuni."

"Ubavu gani?"

Tukaongea hadi kukhu akaanza kukohoa kunikumbusha simu ni ya nani. Kabla ya kukata, Baba akasema, "Msipeleke kwa fundi. Nakutumia kitu. Tutaifungua mimi na wewe, kwa video."

Mimi na wewe. Niliyabeba maneno hayo hadi kisimani na kurudi.

Mzigo uliletwa na mwenzake aliyekuja likizo, mtu wa Malava kama sisi. Mzigo kutoka ng'ambo kwetu haufunguliwi na mtu mmoja. Kukhu aliweka begi katikati ya sebule, na ndugu wote waliosikia wakaja, wengine na ndizi, na senje, dada yake Baba aliyeolewa Buyangu kando ya msitu, akaja na kuku mzima amemfunga miguu. Kukhu alitoa kitu kimoja kimoja na kukipeana mbele ya watu wote: shati, sabuni, kitambaa cha kichwa. Aliyekuja hakuondoka mikono mitupu.

Mimi watu wakiwa wengi huangalia vidole vyangu vya miguu. Kwa hiyo nilichokiona siku hiyo ni mkeka. Nilisikia jina langu, nikanyoosha mkono, na kukhu akaweka juu yake kitu kizito, baridi, cha chuma: koleo linalojikunja, na kila mkono wa koleo umeficha kisu, tupa, msumeno na mdomo mdogo wa kushikia biti, ile ncha ya bisibisi.

"Ya mwenye redio," kukhu akasema. Watu wakacheka.

"Msichana na plaisi!" akasema baba mdogo, ambaye alikuwa amepewa kile kifuko cha plaisi na tayari ameingiza simu yake ndani. "Utaolewa na gari bovu, wewe."

Jioni, Mama aliporudi kutoka shule anakopika, nilimwonyesha. Akaifungua, akaifunga, akaniambia niioshe nikikata nayo nyama. Nikaipeleka moja kwa moja kwa redio. Ndani ya ule mdomo mdogo kulikuwa na biti moja tu, fupi, bapa kama ulimi. Haikufika hata nusu ya shimo. Niliazima bisibisi ndefu ya jirani, ikawa nene, haikuingia. Nikajiambia ni jambo dogo, nitanunua biti ndefu mjini.

Skrubu za Baba zina vichwa vya nyota, na biti za nyota ziko kila mahali Kakamega. Wanaziuza hata wale wanaouza soksi. Nilinunua moja ndefu kama kidole, nikageukia ukuta ili watu wasinione, nikajaribu. Haikuingia. Mkia wa biti za dukani una pembe sita. Mdomo wa plaisi ya Baba ni bapa. Nikajaribu duka la pili, na la tatu, nikidhani kuna namna nyingine. Zote mikia ni ile ile.

Kuuliza ndiyo ilikuwa taabu. Sikuwa na jina la kitu ninachotafuta, kwa hiyo nilikuwa nafungua leso, naweka plaisi juu ya kaunta, na kuweka biti kando yake, nikingoja mtu aelewe. Hakuna aliyeelewa. Waliichukua, wakaifungua yote, wakakata nyaya nayo, wakaitana.

"Msupa, hii unauza?"

"Siuzi."

"Si useme bei tu, usiogope."

"Siuzi."

"Basi umeleta tuione? Haya, tumeiona."

Duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi ndiko nilikopata mtu wa kunijibu. Aliangalia plaisi, akaangalia biti, akasema, "Hapa unataka adapta. Upande mmoja bapa uingie kwa plaisi, upande mwingine shimo la pembe sita lishike biti."

"Mnauza?"

"Hatuuzi. Hiyo inakujanga na plaisi yenyewe. Ulinunua kwa nani?"

Nikasema nilitumiwa. Akasema basi nimwambie aliyenitumia. Kama kwamba ni rahisi hivyo! Ningemwambiaje Baba, baada ya miaka yote ile ya "sijambo" na "nasoma", kwamba zawadi yake imepungua? Nilimwona akilini akiwa dukani kule, akichagua. Nilikunja leso yangu nikatoka.

Ndipo nikaenda kwa wafua vyuma. Hawa wanatengeneza jembe na panga kutokana na vyuma vya magari makuukuu, na hawana kitu wanachokiogopa. Fundi mmoja aliyevaa miwani iliyopasuka alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo peke yake lilinifanya nimwamini.

"Siste, kwa nini utafute adapta? Tunafanya mkia wa hii biti iwe bapa. Mimi hata springi ya lori nafanyanga panga. Hii ni nini?"

Akaitia biti motoni hadi ikawa nyekundu kama pilipili, akaigonga mkia kwa nyundo, akaiacha ipoe, akaisugua kwa tupa. Ikaingia kwenye mdomo wa plaisi kama iliyozaliwa humo. Niliruka. Mbele ya watu, mimi, niliruka. Fundi akacheka na kuniambia nimsalimie mume wangu, gari bovu. Sijui hao wote waliambiana wapi.

Nyumbani sikuvua hata sare. Nililaza redio kifudifudi juu ya kitanda, nikaanza na skrubu ya pembeni chini, kwa sababu ndiyo Baba alianzanga nayo. Nikasukuma, nikazungusha. Ikasonga! Nikazungusha tena, ikasonga tena, laini, kama inatoka kwenye siagi. Nilipoitoa biti niangalie, skrubu ilikuwa pale pale. Kilichokuwa kinazunguka ni biti yenyewe. Moto ulikuwa umeilainisha, na mkia ulikuwa umejisokota kama kamba. Na ile nyota kichwani mwa skrubu, nilipomulika kwa simu ya kukhu, ilikuwa imetafunwa. Limebaki shimo la mviringo lenye jino moja.

Nililia. Si kwa huzuni, kwa hasira. Nilikasirikia fundi, nikakasirikia mtu aliyeamua mikia ya biti iwe na pembe sita, nikakasirikia Baba kwa kutuma plaisi nusu. Kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia Baba.

Jumapili akapiga. "Umejaribu?"

"Bado."

"Mbona?"

"Shule."

"Aa." Sauti yake ikashuka. "Sawa. Soma kwanza. Nipe kukhu."

Na Jumapili iliyofuata ikawa hivyo. Na nyingine. Ile redio iliyokuwa imetufungulia mazungumzo ndiyo sasa ilikuwa imeyafunga, na safari hii vibaya zaidi, maana alidhani sijali. Nilisikia hivyo katika namna alivyosema "soma kwanza". Likizo ya Agosti ikaja, nikatumwa Buyangu kumsaidia senje kuvuna mahindi, nikafurahi kuikosa simu. Hilo naliandika jinsi lilivyo. Nilifurahi.

Niliporudi, kukhu alikuwa amechoka kungoja. "Siku ya soko naipeleka kwa fundi," akasema, huku akisonga ugali wetu, obusuma. "Mama ya mtu wa kanisa letu amezikwa bila mimi. Naambia watu nini? Kwamba mjukuu wangu ako na plaisi?"

Ikipelekwa kwa fundi, yamekwisha. Baba ataambiwa redio imepona, atasema vizuri, na tutarudi kwa "sijambo". Jumapili hiyo nikachukua simu kabla hajaniuliza lolote, nikageuza kamera, nikamwekea mbele ile biti iliyosokotwa.

Akasogeza uso. "Hiyo ni nini?"

"Biti."

"Nani ameifanya hivyo?"

"Fundi. Ya dukani haiingii. Nimezunguka mji wote. Mdomo ni bapa, mkia una pembe sita, hakuna adapta mahali popote, na skrubu moja nimeiharibu, na si shule, sikuwa na kazi ya shule, ni hiyo tu." Sijawahi kusema sentensi ndefu hivyo kwenye simu.

Baba akatazama upande, kama mtu anayehesabu vitu chumbani mwake. "Lakini adapta nilikutumia. Ilikuwa ndani ya boksi, chini."

"Haikuwepo."

"Ilikuwepo! Ngoja." Akaondoka. Nikaona dari ya chumba chake, feni inazunguka. Akarudi na plaisi ya mwenzake, sawa na yangu, na mkononi kichuma kinachong'aa, kirefu kuliko kidole kidogo, chenye pete nyekundu shingoni. "Hii."

Pete nyekundu. Mikono yangu ilikijua kabla ya kichwa. Kila asubuhi ya likizo nilikuwa nimekichomoa kwenye komeo la banda la kuku la senje, nikaokota mayai, nikakirudisha.

Kukhu, aliyekuwa ananisimamia begani, akasema, "Ee, hiyo nilimpa dada yako. Alikuja na ingokho, kuku mzima, ningemwacha aende na sabuni tu? Nikamwambia, chukua, utajua kazi yake."

Baba alicheka hadi akaiweka simu chini. Mimi sikucheka. Nilifikiria maduka yote, leso yangu, "basi umeleta tuione", na kichuma chenyewe kiko Buyangu kinafunga kuku.

"Kukhu, utamwambia arudishe?"

"Mimi? Kitu nimepeana mbele ya watu, nikiulize tena? Hapana. Ni yako, enda uongee, soko la wiki hii nitaliacha. Uko na mdomo."

Jumamosi nikaenda. Njia yote nilikariri: shikamoo, habari za huku, nimekuja kwa ajili ya jambo dogo. Senje nilimkuta anaanua mahindi, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Umerudi! Kumbe ulipenda kazi yangu. Shika hapo."

Nikashika hapo. Tukaanua yote. Akanipa uji. Nikanywa wote. Yale niliyokariri yalikuwa yameisha zamani, na jua lilikuwa linaelekea kwenye miti. Mwishowe nikasema nikiangalia kikombe, "Senje, kile kichuma cha mlango wa kuku ni cha plaisi yangu."

"Kipi? Kile cha pete?"

"Ee."

"Hicho ni changu. Nilipewa."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nakiomba."

Akaniangalia kama anayeniona mara ya kwanza. "Mukhana, msichana wewe, unajua kima wa msitu huu? Mti walivunja. Waya walifungua. Kamba walikula. Walikuwa wanaingianga kwa kuku kama watu wa kamati, mmoja anashika mlango, wengine wanabeba mayai. Hicho kichuma ndicho kiliwashinda. Nikupe, nilale mimi kwa mlango?"

Mfukoni nilikuwa nimebeba biti iliyosokotwa, bila sababu, labda kuonyesha nilivyoteseka. Nikaitoa.

"Hii je?"

"Hii imepinda kama mguu wa kuku," akasema. Lakini akaichukua, akaenda bandani, akaipachika kwenye komeo. Ilikataa kuingia, akaizungusha, ikaingia, na kwa sababu ya ule msokoto ikakwama vizuri. Akaivuta, haikutoka. Akaisokota upande mwingine, ikatoka. Akafanya hivyo tena na tena, akitabasamu mwenyewe.

"Kima hajui kuzungusha," akasema. "Haya, chukua chako. Lakini useme vizuri, si kunong'onezea kikombe."

"Senje, naomba kichuma changu."

"Na ukishafungua redio, mtangazie baba yako kwamba dada yake si mnyang'anyi."

Nilifikiri sasa yamekwisha. Hayakwisha. Senje alikuwa akikipigilia kichuma kwa jiwe kila jioni, kwa hiyo ule mkia bapa ulikuwa umevimba ncha na haukuingia kwenye plaisi. Shimo la upande wa pili lilikuwa limejaa mavi ya kuku yaliyokauka kama saruji. Nilikaa uani nikichokonoa kwa sindano na mafuta ya taa, huku nikijiuliza nimekosea wapi maishani. Uvimbe nikautoa kwa tupa, na tupa ilikuwa ndani ya plaisi yenyewe. Nilisugua kidogo, nikajaribu, nikasugua, nikajaribu, nikiogopa kuzidisha. Kisha kikaingia. Tik. Nikapachika biti mpya niliyokuwa nimenunua mjini upande wa pili. Tik. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote, hakikutoka.

Jumapili nilimwegemeza Baba kwenye sufuria, redio mbele yake. Skrubu ya kwanza ikatoka. Nikamwonyesha kabla ya kuiweka kwenye kizibo cha soda. Ya pili. Ya tatu ilipiga kelele kama panya, Baba akasema, "Hiyo ilikuwanga hivyo hata zamani." Kisha tukafika kwa ile ya pembeni, iliyotafunwa. Biti ikateleza. Nikasukuma zaidi, ikateleza. Nikajaribu kuinamisha, ikateleza. Jasho lilinitiririka, na kukhu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, anangoja matangazo yake ya vifo.

"Imeshindikana," nikasema. Nusura niitupe plaisi nje, na Baba anaona.

"Ngoja, ngoja. Usiipige. Nionyeshe."

Nikamulika. Tukachungulia wote wawili lile shimo, yeye kutoka Uarabuni. Akawa anaitukana skrubu pole pole, maneno yale yale ya zamani. Kisha akasema, "Tafuta mpira. Ule wa tyubu ya baiskeli wa kufungia kuni. Kata kipande chembamba, uweke juu ya kichwa cha skrubu, kisha biti juu ya mpira. Ukishasukuma, uzungushe pole sana, kwa sababu ukiharaki..."

Simu ikakatika. Bando zilikuwa zimeisha. Hatukuwahi kuzimaliza tangu aende.

Nilikata mpira kwa kisu cha plaisi. Nikauweka, nikasukuma kwa uzito wa mwili wote, nikazungusha pole sana. Ikasonga. Safari hii nilitoa biti nikamulika, nikahakikisha: lile jino moja lililobaki kichwani lilikuwa limehama kidogo. Nikarudisha mkono kwenye plaisi. Kisha nikautoa.

"Imetoka?" kukhu akauliza.

"Bado."

"Basi kesho kutwa ni soko."

"Kukhu, tafadhali, acha kidogo." Nilisema kwa sauti ya kusikika, naye akanitazama, akaguna, akarudi jikoni.

Kwa salio lililobaki nilimwandikia Baba ujumbe: Imesonga kidogo. Nimeiacha, nataka uione ikitoka.

Siku zote Baba hupiga Jumapili tu, kwa sababu siku nyingine zamu ni ndefu. Jibu lilikuja nikiwa bado nimeshika simu: Usiiguse. Napiga kesho jioni.

Nikaweka kizibo chenye skrubu tatu juu ya redio, mahali ambapo kukhu hatakipangusa.